Zabibu na Mguu wa Hajati

Jumapili, 10 Agosti
Nesi Siham kasema niandike kila kitu anachokula mama mkwe. Nimemwambia mimi na kalamu hatujuani, shule niliiacha darasa la tano nikaenda kupasua mawe. Kasema andika hivyo hivyo unavyosema.

Basi. Asubuhi: mkate, mafuta ya zeituni, zaatari ya majani makavu na ufuta. Chai, sukari vijiko vinne. Hiyo ilikuwa ya mwisho.

Dakta kaangalia kidonda chini ya dole gumba la mguu wa kulia. Kakibonyeza. Hajati hakusikia kitu. Mimi nikafurahi kwamba hakimuumi. Dakta kaniangalia kama anaangalia punda. Kasema kutosikia ndiko kubaya. Kasema sukari isiposhuka mpaka zabibu ziishe mashambani, mguu utakatwa.

Hajati Rasmia ni mama wa marehemu mke wangu, Nawal. Wanawe wa kiume wako Amman na Kuwait, wanapiga simu sikukuu. Nawal alipofariki watu walidhani bibi ataondoka kwangu. Hakuondoka. Mimi sikumwambia ondoka. Tunaishi.

Mfuko wa sukari nimeutoa, nimempa jirani, Umm Raafat.

11 Agosti
Chai bila sukari. Kakunja uso, kasema, "Hii ya matanga. Nani kafa?"

12 Agosti
Chai ile ile. Nani kafa.

13 Agosti
Chai. Hakusema kitu. Hiyo nimeiogopa zaidi.

Ijumaa, 15 Agosti
Leo nimepata akili. Tabikhi!

Hapa Halhul kila mtu anapika tabikhi zabibu zikiiva. Ni jamu, lakini haitiwi sukari hata chembe. Zabibu, moto, ufuta na habasoda mwishoni, basi. Babu yangu alikula hiyo na asali ya zabibu maisha yake yote, akafa mzee anapanda ngazi.

Nimemuuliza Abu Yaaqub, mwenye shamba ninalochuma. Kasema, "Zabibu ni dawa, bwana. Sukari ni ile ya kiwandani." Nimemuuliza Umm Raafat juu ya ukuta. Kasema, "Hivi hilo nalo la kuuliza?" Nimemuuliza muuza duka. Kasema yeye mwenyewe ana sukari na anakula tabikhi kila asubuhi. Sikumwangalia miguu.

Nimekuja na makreti mawili ya zabibu nyeupe. Hajati kakaa kwenye kiti, mguu juu ya ndoo. Mimi nimepika, yeye kaamrisha.

"Moto mkubwa huo. Unachoma nyumba?"
"Koroga chini, siyo juu. Juu hakuna anayeungua."
"Shukri, mwiko huo, siyo chepe."

Alasiri nzima. Maji yakaenda, sufuria ikazama mpaka nusu, halafu ikazama tena. Mwisho yeye kaomba kijiko. Mtaa mzima wanamwita kwa ajili ya kijiko hicho. Akisema imefika, imefika. Ukitoa kabla, inachacha kabla ya mvua. Ukichelewa, unakula mawe.

Kaonja, kafumba macho. "Imefika."

Kala na mkate. Kanicheka kwa jasho langu. Kwa mara ya kwanza toka Jumapili nimemwona meno.

17 Agosti
Tabikhi asubuhi, tabikhi jioni.

19 Agosti
Tabikhi. Anaimba jikoni.

Alhamisi, 21 Agosti
Kliniki. Nesi kamtoboa kidole, mashine ikatoa mia nne na kitu. Wiki ile ilikuwa mia tatu.

Nikamsomea nilichoandika. Chai bila sukari, mkate, zaatari, tabikhi, tabikhi, tabikhi. Nesi kaweka kalamu chini, kaniita kwa jina langu la heshima.

"Abu Wasim, umempa tabikhi?"
"Haina sukari, dada. Nimepika mwenyewe."
"Ulitia makreti mangapi?"
"Mawili."
"Zikatoka chupa ngapi?"
"Chache."
"Maji ya zabibu yamekwenda wapi?"
"Hewani."
"Na utamu wake umekwenda wapi?"

Nikaangalia karatasi yangu. Hajati kamuuliza, "Binti yangu, wewe wa wapi?"
"Wa Ramallah mjini, Hajati."
"Ndio maana," kasema Hajati.

Njiani nimefikiri. Kama zabibu ni sukari, basi mlima mzima huu ni sukari. Mimi nimeila toka nizaliwe, mbona mimi sina? Yeye kaila, yeye anayo. Sielewi. Nimetia chupa zote kwenye gunia, nimempelekea Abu Yaaqub. Kasema nesi hajui kitu. Nikamwambia labda. Gunia nimemwachia.

22 Agosti
"Tabikhi iko wapi?"
"Sukari."
"Tabikhi siyo sukari."
"Nesi kasema."
"Nesi akisema mguu wangu ukatwe, na huo utampelekea Abu Yaaqub kwenye gunia?"

Jumatatu, 25 Agosti
Nesi kaniambia kuna vidonge vidogo vya utamu, siyo sukari, vinauzwa duka la dawa. Nimenunua. Nimechukua zabibu chache, limau, nikatia vidonge vingi tu, nikachemsha vyote pamoja.

Hajati kaonja. Katema kwenye kitambaa.
"Umetia betri?"
Nimeonja. Kweli. Kama kulamba betri ya redio.

28 Agosti
Aina nyingine ya utamu, ya unga. Kabla ya moto tamu, baada ya moto hakuna kitu. Umekwenda wapi? Ule utamu wa zabibu haukwenda popote, huu umekwenda. Sielewi mambo haya.

30 Agosti
Nimechuma kutwa. Mgongo.

Jumanne, 2 Septemba
Nesi kasema vile vidonge vya kwanza visichemshwe, nitie moto ukishazimwa. Kasema tunda liwe chachu, siyo tamu, na hata hivyo kijiko kimoja kidogo, halafu nipime kwa mashine ndogo aliyoniazima.

Chachu ninaijua. Mizabibu inatoa vichala vya pili, vidogo, kijani, haviivi kamwe. Tunaviacha kwa ndege. Leo nimejaza kofia. Abu Yaaqub kacheka, "Umeanza kulisha mbuzi?"

Nimevichemsha na maji kidogo, nimechuja mbegu. Vikashika vyenyewe, vikawa kama jeli. Nimezima moto, nimesubiri, nimetia vidonge vichache na mdalasini. Pembeni nimekaanga ufuta na lozi, nimeponda, nimeviringa madonge madogo kwa tahini ya ufuta, bila kitu kingine.

Hajati kala kijiko. Kakaa. Kala donge la lozi. Kakaa.

"Hii siyo tabikhi."
"Siyo."
"Usiiite tabikhi mbele za watu."
"Sitaiita."
"Lete kingine."
"Nesi kasema kimoja."
Kaniangalia mpaka nikaenda kufunga mlango wa kuku ambao ulikuwa umefungwa.

Nimempima baadaye. Haikupanda sana. Nimetoka nje nikavuta sigara mbili.

4 Septemba
Jamu kijiko kimoja. Lozi donge moja. Nani kafa hajauliza.

7 Septemba
Jamu imeota ukungu. Chupa nzima, manyoya. Hajati kasema, "Sukari ndiyo mlinzi wa jamu. Umemfukuza mlinzi." Kumbe anajua haya yote. Mbona hakusema? Kasema, "Hukuuliza." Nimepika nyingine kidogo, iko kwenye friji.

Jumanne, 9 Septemba
Kliniki. Mia nne tena.

Nesi kasoma mwenyewe karatasi zangu, mara mbili. Chai bila sukari. Mkate nusu. Matango. Jamu ya chachu kijiko kimoja. Kasema hii haiwezi kutoa mia nne. Kaniuliza kama naandika kweli. Nikamwambia mimi uongo sijui kuuandika, ukweli wenyewe unanitoa jasho.

Kidonda kimekuwa kikubwa. Kina harufu.

Nimeuliza kama mashine ni mbovu. Nesi kajipima yeye, ikatoa kidogo. Kanipima mimi, kidogo. Mashine nzima. Karatasi nzima. Mguu unaoza. Basi kuna mtu.

10 Septemba
Nimemwendea Umm Raafat. Yeye ndiye mwenye sukari yangu. Mimi niko shambani toka alfajiri, yeye yuko ukutani kutwa.

"Umm Raafat, unamlisha nini mama mkwe wangu?"
"Mimi?"
"Wewe."
"Eti namlisha! Eti mimi ndiye namlisha! Wewe Abu Wasim jua limekupiga. Nimemtilia chai yake isiyo na sukari kwa mkono huu, nikaona haya kama nampa mgeni maji ya kuoshea vikombe!"
"Nani basi?"
"Kamuulize Mungu wako! Na sukari yako hii hapa, sikuigusa!"

Kautupa mfuko juu ya ukuta. Ukapasuka uani kwangu.

11 Septemba
Sisimizi.

12 Septemba
Sisimizi. Umm Raafat haitikii salamu. Hajati ananiangalia. Nimemuuliza, "Mama, kuna mtu anakupa kitu?" Kasema, "Wallahi sijala kitu ambacho hujakiandika." Nimemwamini. Huyu mama haapi ovyo.

Jumapili, 14 Septemba
Leo njia ya chini ilifungwa, lori la zabibu halikupita. Abu Yaaqub kasema rudini nyumbani. Nimerudi kabla ya adhuhuri. Nyumba tupu. Kiatu chake kimoja mlangoni, kile cha mguu wenye kidonda, kingine kaondoka nacho.

Nimefuata moshi. Msimu huu kila ua una sufuria, kwa hiyo nikaanza kuingia ua kwa ua. Ua wa kwanza wakaniambia katoka hapa sasa hivi, kaenda kwa kaka zake Umm Raafat. Kule wakaniambia katoka, yuko kwa Abu Yaaqub. Nimerudi nilikotoka.

Nikamkuta. Amekalishwa kiti cha heshima, mto mgongoni, mguu juu ya tofali. Wanawake wamezunguka sufuria ya shaba inayoweza kuchemsha ndama. Mke wa Abu Yaaqub kachota kijiko kile kikubwa, kakipuliza, kampa. Hajati kala. Kafumba macho. "Bado. Ongeza kuni." Kisha, "Niletee ya pembeni." Kala ya pembeni. Kisha ya chini.

Nilipiga kelele. Sikumbuki vizuri nilisema nini. Najua nilisema mguu. Mwiko ukasimama, mke wa Abu Yaaqub akalia kwamba itaungua, mtu akoroge jamani.

Hajati hakutikisika. "Unapigia nani kelele, Shukri?"
"Uliapa! Uliapa kwa Mungu hujala kitu!"
"Sijala."
"Na hiki?"
"Hiki nimeonja. Kuonja siyo kula. Hata Ramadhani mpishi anaonja na saumu yake iko pale pale. Kamuulize imamu."
"Mpishi wa Ramadhani anatema, mama!"
Kaniangalia kama nimevua nguo. "Niteme neema ya watu? Uani kwao? Mbele yao?"

Wanawake wote wakasema astaghfirullah. Siyo kwake. Kwangu.

Umm Raafat alikuwepo. Hatusemezani, lakini hapo kasema, polepole kabisa, "Abu Wasim, sisi hatukujua. Tulidhani hali chochote. Anaonja tu."
"Sufuria ngapi kwa siku?"
Wakaangaliana. Kila mmoja alikuwa anajua ya kwake moja.

Nimemwambia Hajati basi kataa. Sema naumwa. Kasema, "Nikatae kijiko? Wewe mwanamume, hujui haya. Nikikataa kijiko sufuria ikaungua, nani kaitupia jicho? Mimi. Anayeonja ndiye asiye na kijicho. Kulikuwa na mama mmoja hapa alikataa, ugomvi wake na mwenye nyumba. Sufuria ikapasuka. Mpaka anazikwa walikuwa wanafunika vyombo akipita."

Nimembeba mgongoni mpaka nyumbani. Ni mwepesi. Sikujua ni mwepesi hivyo. Njiani kaongea sikioni kwangu, hakuna pa kukimbilia.

"Binti yangu yuko chini ya udongo. Wanangu wananipigia simu sikukuu kuniuliza hali ya hewa. Msimu mzima mmoja kwa mwaka mlango unagongwa na watu wanasema, tunamtaka Hajati. Wewe unataka nikae nyumbani na mguu. Nikae nao niufanyie nini?"

Nilikuwa na jibu asubuhi. Sijui liliangukia wapi.

15 Septemba
Sikwenda kazini. Mlango umegongwa mara nyingi. Nimesema kalala. Yeye yuko nyuma yangu anapiga fimbo sakafuni ili wasikie hajalala.

16 Septemba
Tena.

18 Septemba
Kidole kimekuwa cheusi.

Jumapili, 21 Septemba
Dakta kasema kidole kitatoka Alhamisi. Mguu wenyewe hajui. Ukipona pale pa kukata, utabaki. Usipopona, atapanda juu. Kupona ni sukari. Kila kitu sukari.

Nilimwambia Nesi Siham habari ya vijiko. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kasema bibi yake alikuwa anaonja mafuta ya zeituni ya kijiji kizima, hakuna aliyeandika hiyo pia.

Nimemuuliza, sasa nifanye nini, nimfungie? Kasema hajui. Nimemshukuru kwa kutojua. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Alhamisi, 25 Septemba
Wamekata. Kaamka, kaomba chai. Nikampa. Kasema, "Hii nayo ya matanga, na leo angalau kuna maiti." Nesi kageuka dirishani, mabega yanamtikisika.

28 Septemba
Nyumbani. Supu, kuku, maharage. Jamu yangu kijiko kimoja. Kaniuliza friji inalia nini usiku. Sijui.

1 Oktoba
Mia mbili na kitu. Kwangu hiyo ni sikukuu.

Umm Raafat kaleta kuku. Nimemwambia nisamehe. Kasema, "Nimesamehe, sisimizi ndio sijui kama wamesamehe."

Ijumaa, 3 Oktoba
Zabibu zimebaki za mwisho. Mke wa Abu Yaaqub kaja mwenyewe mlangoni. Binti yao anaolewa, tabikhi ya mwisho inakwenda kwa wakwe, Hebron. Wanatia sufuria kubwa kesho. Kasema hataki kumuonjesha Hajati, anajua. Ila hawawezi kuitoa motoni bila yeye. Kasema hivyo huku anafunga na kufungua mtandio.

Hajati kasema nitakuja. Mimi nikasema hatakuja. Mke wa Abu Yaaqub kasema mzungumze, akakimbia.

Tumezungumza. Nimesema hapana. Kasema ndiyo. Nimesema kidonda kinaanza kushika, unataka kwenda kukifungua kwa kijiko? Kasema, "Nitaangalia mapovu tu." Nimesema, "Na wakikuletea kijiko?" Hapo kanyamaza. Hasemi uongo huyu mama, tatizo ni kwamba ukweli wake ni wa aina nyingine.

Mimi sijui lipi sawa. Nikimzuia, atakaa na mguu wake na ukuta. Nikimpeleka, nitamuua kwa mkono wangu. Natamani Nawal angekuwepo niseme mama yako huyo, mshike wewe.

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimempeleka.

Nimemsukuma kwenye kiti cha magurudumu cha kliniki, kokoto zote za mtaa. Wamempa mto. Mapovu yalikuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole kama mtu mnene anayepumua. Kayaangalia sana. Kaomba sahani baridi, wakadondosha tone, kainamisha. Kasikiliza. Kweli kasikiliza, kaweka sikio.

Kisha mama wa bwana harusi, mgeni, hajui kitu, kachota kijiko na kumnyooshea. "Hajati, tubarikie."

Ua mzima ukaganda. Mke wa Abu Yaaqub akawa mweupe. Mgeni wa heshima, mkono umenyooka, kijiko kinatoa mvuke. Hajati kukataa hawezi. Niliona mdomo wake unafunguka.

Mimi nilipiga hatua, nikakichukua kijiko, nikakitia mdomoni kwangu. Chote. Moto wake sitausahau.

Mama wa bwana harusi kasema, "He! Na huyu nani?"

Nilijua nimewaharibia harusi. Machozi yananitoka kwa ulimi kuungua, siwezi hata kuomba radhi.

Hajati ndiye aliyesema. "Huyu wa nyumbani kwangu. Miaka yote alilishwa na mkono wa binti yangu, na mkono wa binti yangu niliufundisha mimi. Akila yeye nimekula mimi." Kisha kanigeukia, sauti kali, "Usimeze! Inashika meno?"

"Inashika kidogo."
"Ya juu au ya chini?"
"Mama, sijui, meno."
Mtu kacheka.
"Inauma pembeni mwa ulimi?"
"Ulimi umeungua wote."
"Sasa meza. Imekwenda yote, au kuna inayobaki kooni?"
"Inabaki."
"Inabaki kama nini?"

Hapo nikafikiri. Sijawahi kuulizwa kitu kama hicho. "Kama mtu aliyetaka kusema neno akaacha."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Hajati hakucheka. Kafumba macho, vile vile anavyofumba, mdomo wake unatafuna hewa.

"Bado," kasema. "Kuni mbili. Kisha mniletee mdomo wangu tena."

Nimeonja mara nne. Mara ya nne nikasema hakibaki kitu, kinakwenda chote. Kasema imefika. Wakapiga vigelegele, mama wa bwana harusi naye, kadhani ndio desturi yetu.

Njiani nimemuuliza, "Ulijua toka kwenye mapovu, siyo?" Kasema sukuma. Nimemuuliza tena. Kasema, "Shimo hilo, angalia." Sijui kama alinihitaji au alinionea huruma. Au aliwaonea wao.

Jioni nimempima. Mia moja na sabini. Nimejipima mimi. Sitaandika.

Jumatano, 8 Oktoba
Dakta kafungua bandeji. Nyama nyekundu. Kasema nyekundu ni nzuri. Kasema mguu tunauacha. Nikamuuliza tunauacha mpaka lini, kasema mpaka unilazimishe kuukata. Sikuelewa kama hiyo ni ndiyo. Hajati kaelewa, kavaa soksi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mvua ya kwanza. Nilikuwa nampikia jamu ya vichala vya mwisho, nimezima moto, nasubiri ipoe nitie vidonge. Umm Raafat kapiga kelele juu ya ukuta. Ana kisufuria kimoja cha zabibu za uani kwake.

"Abu Wasim! Yangu imefika! Lete ulimi!"

Nikaanza kuvaa viatu. Hajati kajibu kwa sauti iliyofika barabarani:

"Ulimi ni wangu! Yeye anaubeba tu!"